Kengele ya gesi isigeuzwe hirizi

Mitungi ya gesi imeingia vibandani. Mama lishe, muuza chipsi, mwenye mgahawa wa stendi na mkaanga maandazi wa alfajiri, ambao miaka michache iliyopita walipika kwa kuni na mkaa, leo wengi wao wana mtungi wa kilo 6 au kilo 15 chini ya meza. Mkaa umepanda bei, kuni zimekuwa mbali, na Serikali nayo imeweka nguvu zake upande wa gesi.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo, taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilikwisha agizwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Ni hatua ya kupongezwa. Misitu inaokolewa, na wanawake waliokuwa wakivuta moshi kutwa nzima wanapata nafuu.

Hata hivyo, gesi ina masharti yake. Jiko la mkaa likiachwa hufifia lenyewe. Mtungi wenye mpira uliochoka ukiachwa, hauachi kuvuja mpaka uishe au mpaka upate cheche.

Majirani wa Kenya wanalijua hilo kwa uchungu. Usiku wa Februari 1, 2024, katika eneo la Embakasi jijini Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka penye kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makazi ya watu. Watu walipoteza maisha, wengine zaidi ya 250 walijeruhiwa, na nyumba, magari na maghala ya wafanyabiashara yakateketea. Mamlaka ya nishati ya nchi hiyo ilieleza baadaye kwamba maombi ya kujenga kituo hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia.

Embakasi ilikuwa shehena ya gari zima. Lakini mfanyabiashara mdogo asidhani kwamba mtungi wake ni mdogo mno kuleta maafa. Gesi ya kupikia huanza kuweza kulipuka inapofika takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba. Kibanda cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu kinahitaji chini ya kilo moja ya gesi kufikia hali hiyo. Mtungi mdogo wa kilo 6 unayo gesi ya kutosha kufanya hivyo zaidi ya mara tano.

Ndiyo maana katika maduka ya vifaa vya umeme imeanza kuonekana bidhaa ambayo zamani ilikuwa ya viwandani na hoteli kubwa, yaani kengele ya gesi. Ni kisanduku cha plastiki kinachochomekwa ukutani, chenye taa ndogo na mlio mkali. Muuzaji humwambia mteja kwamba gesi ikivuja kitalia, naye atakuwa salama.

Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli, endapo kifaa ni kizima na kimewekwa panapostahili. Sehemu ya pili si kweli. Na tofauti kati ya sehemu hizo mbili ndiyo inayoweza kumgharimu mtu mtaji wake, au roho yake.

Kifaa kilichozaliwa na ajali

Ni vema wafanyabiashara wajue kifaa hiki kilitoka wapi, kwa kuwa historia yake inafanana sana na hali ilivyo hapa nchini.

Katika miaka ya 1960 gesi ya mitungi ilienea kwa kasi katika nyumba za Japani. Mitungi iliingia majikoni haraka kuliko elimu ya kuitumia, na milipuko ikafuata. Mjapani mmoja, Naoyoshi Taguchi, aliamua kutafuta kitu cha bei nafuu kitakachonusa gesi kabla ya binadamu. Mwaka 1962 aliwasilisha maombi ya hataza ya kihisi kilichotengenezwa kwa oksaidi ya bati. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, wakiongozwa na Tetsuro Seiyama, walichapisha matokeo yao kuhusu oksaidi ya zinki inayohisi gesi. Mwaka 1968 vihisi vya Taguchi vilianza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Figaro kuvitengeneza na kuviuza.

Kihisi ndani ya kengele nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo ni mjukuu wa kile cha Taguchi.

Neno oksaidi lisimtishe msomaji. Metali ikikutana na oksijeni huzaa oksaidi, na kutu ya jembe ni oksaidi ya chuma. Unga mweupe unaopatikana katika baadhi ya dawa za kupaka upele wa watoto ni oksaidi ya zinki, metali ileile inayopakwa kwenye mabati ya kuezekea. Oksaidi ya bati nayo hutokana na metali ya bati, ile inayopakwa ndani ya makopo ya chakula.

Unga huo wa oksaidi ya bati una tabia moja ya pekee. Ukipashwa moto hadi nyuzi joto kati ya 200 na 400 hivi, oksijeni ya hewani hunata juu ya chembe zake na kuzinyang'anya elektroni, ambazo ndizo hubeba umeme. Njia ya umeme inabanwa. Gesi ya kupikia inapofika, huungua kimyakimya na ile oksijeni iliyonata. Elektroni zinarudi, njia inafunguka, umeme unapita kwa wingi, na kengele inalia.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa udogo. Mkulima anajua kwamba punje nzima ya mahindi ikitumbukizwa majini huchukua muda mrefu kulowa, ilhali unga wake hulowa papo hapo. Sababu ni kwamba kusaga kunaongeza eneo linaloguswa na maji. Wanasayansi hufanya vivyo hivyo, ila kinu chao kinasaga hadi kwenye nanomita, ambayo ni sehemu ya milioni moja ya milimita.

Kipande cha oksaidi cha ukubwa wa sentimita moja kila upande kina eneo la sentimita 6 za mraba. Kikigawanywa kuwa vipande vya nanomita 10 kila upande, eneo lote linakuwa mita 600 za mraba, yaani karibu sehemu ya saba ya ekari, kutoka kwenye kitu kinachoenea juu ya ukucha. Mwaka 1991 Noboru Yamazoe na wenzake wa Kyushu walionyesha kwamba chembe za oksaidi ya bati zikishuka chini ya nanomita 6 hivi, unyeti wake kwa gesi hupanda ghafla, kwa sababu oksijeni ya juu hubana chembe nzima hadi katikati.

Tangu hapo maabara nyingi duniani zimeshindana kutengeneza chembe, nyuzi na karatasi nyembamba za oksaidi za bati, zinki, tungsteni na shaba. Kazi hiyo imeleta vihisi vidogo zaidi vinavyotumia umeme kidogo. Lakini udogo wa chembe haukuondoa udhaifu wa asili wa kifaa hiki, na ni udhaifu huo ambao wauzaji wengi hawausemi.

Mambo ambayo muuzaji hasemi

La kwanza ni kwamba kihisi hiki hakichagui vizuri. Kinaitikia gesi ya mtungi, lakini pia kinaweza kuitikia mvuke wa pombe, manukato, dawa ya kupulizia mbu na mivuke ya jikoni. Kikiwekwa karibu na karai la chipsi kitalia mara kwa mara bila sababu. Mwenye kibanda atavumilia siku mbili, na siku ya tatu atakichomoa. Kengele iliyochomolewa ni pambo la ukutani. Kwa hiyo isiwekwe juu ya jiko wala kando yake kabisa. Iwe umbali wa mita moja na nusu au zaidi, mahali ambapo mvuke wa kupikia hauifikii moja kwa moja.

La pili ni kimo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni kama maji. Kengele ya gesi hiyo inatakiwa iwe chini, si zaidi ya sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Ukienda kwenye vibanda vingi utaikuta juu, penye soketi ya taa, kwa sababu ndiko umeme uliko. Huko juu italia wakati gesi imekwisha jaa.

La tatu ni umeme. Kihisi cha aina hii hakifanyi kazi bila kupashwa moto, na kinapashwa kwa umeme muda wote. Umeme ukikatika, kengele isiyo na betri ya akiba inakufa. Kuna jambo baya zaidi. Wafanyabiashara wengi, kwa kubana matumizi au kwa kuogopa hitilafu, huzima swichi kuu wanapofunga biashara jioni. Wanazima na kengele. Gesi inavuja usiku kucha katika kibanda kilichofungwa. Saa 11 alfajiri mwenyewe anafungua mlango, anawasha taa, na swichi hiyo ndiyo inayotoa cheche. Hata kama kengele ingewashwa dakika ileile, inahitaji muda wa kupata moto kabla ya kuweza kunusa.

La nne ni uzee. Kihisi huchoka. Mivuke ya silikoni, kama ile ya gundi ya kuzibia vioo na masinki na ya baadhi ya vipodozi, inaweza kukitia upofu wa kudumu. Kengele nzuri huandikwa tarehe ya kuibadilisha, na mnunuzi aitafute tarehe hiyo kabla ya kutoa fedha. Asiyeiona aulize, na asipojibiwa atafute duka jingine.

La tano ni kitufe cha kujaribia. Katika kengele nyingi kitufe hicho hujaribu mlio na taa tu. Hakisemi kama kihisi chenyewe bado kinanusa. Kengele inaweza kulia vizuri dukani kwa kubonyezwa, na isilie kamwe kwa gesi. Jaribio la kweli ni la gesi maalumu ya kupimia, linalofanywa na fundi mwenye ujuzi.

La sita ni kwamba kengele haifungi valvu. Inatoa taarifa tu, na kazi iliyobaki ni ya mtu. Inapolia, mwenye kibanda asiwashe wala asizime swichi yoyote, asiwashe kiberiti, na asipige simu akiwa ndani. Afunge valvu ya mtungi kama anaifikia salama, afungue milango na madirisha, atoe watu, kisha apige simu ya Zimamoto, namba 114, akiwa nje na mbali.

Banda la vifaranga na ghala la mahindi

Kwa mkulima hatari ya kudanganyika ni kubwa zaidi, kwa sababu shambani zipo gesi za aina nyingi na jina la kifaa dukani ni moja.

Mfano wa kwanza ni mfugaji wa kuku. Vifaranga wanahitaji joto wiki za mwanzo, na wafugaji wengi hutumia jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa kwa maturubai ili baridi isiingie. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mfugaji anayelala bandani kulinda vifaranga anaweza asiamke.

Je, kengele ya gesi ya mtungi itamwokoa? Asiitegemee hata kidogo. Hiyo imepimwa na kuwekwa kwa ajili ya gesi ya kupikia, nayo huwekwa sakafuni. Kaboni monoksaidi huua kwa kiasi kidogo mno kuliko kile cha kulipuka, na huchanganyika na hewa ya chumba chote. Inahitaji kengele yake yenyewe, iliyoandikwa hivyo, na nyingi ya hizo hutumia kihisi cha kikemikali cha aina nyingine kabisa. Kabla ya kifaa chochote, banda linahitaji tundu la hewa juu, na jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba anacholala mtu.

Mfano wa pili ni ghala. Wakulima na wafanyabiashara wa nafaka hufukiza magunia kwa vidonge vya aluminiamu fosfaidi. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua dumuzi na wadudu wengine. Inaua na binadamu. Viwango vya kazini vya baadhi ya nchi huruhusu mtu kukaa penye sehemu 0.3 tu za gesi hiyo katika kila sehemu milioni moja za hewa kwa zamu ya saa 8. Watu husema inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo cha kutegemea.

Kengele ya jikoni haikutengenezwa kupima kiasi kidogo hivyo cha fosfini. Anayeingia ghalani na kisanduku cha gesi ya kupikia mkononi, akaona hakijalia, akaamini hewa ni safi, amejidanganya. Ufukizaji ni kazi ya mtu aliyefunzwa, mwenye kipimo cha fosfini na barakoa inayostahili. Na vidonge visitumike kabisa katika nyumba wanamolala watu, hata kama mahindi yamewekwa chumba cha pili.

Mfano wa tatu ni mfugaji mwenye mtambo wa samadi. Mitambo hii ilisambazwa katika mikoa mingi, hasa tangu mwaka 2009, kupitia mpango wa gesi ya samadi uliosimamiwa na CAMARTEC ya Arusha. Gesi yake kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Inapanda. Kengele yake inatakiwa ikae juu, karibu na dari, kinyume kabisa na ile ya mtungi. Kaya yenye jiko la samadi na jiko la mtungi pamoja inahitaji kengele mbili, moja juu na moja chini.

Faida iliyo mbele

Isidhaniwe kwamba teknolojia hii ni ya kuogopesha tu. Ina faida ambazo mkulima anapaswa kuzifuatilia kwa karibu.

Nchini India kituo cha utafiti cha C-DAC cha Kolkata kilitengeneza pua ya kielektroniki kwa viwanda vya chai, yenye vihisi kadhaa vya oksaidi ya bati vilivyopangwa pamoja. Majani ya chai yanapochachuka, harufu yake hubadilika kutoka ile ya majani mabichi kwenda harufu tamu ya maua, na mfanyakazi mzoefu hunusa ajue lini pa kusimamisha. Akikosea kwa dakika chache, ubora unashuka na bei inashuka nayo. Kihisi kimoja peke yake hakiwezi kutofautisha harufu hizo, lakini vikiwa vingi na kila kimoja kikiitikia kwa namna yake, kompyuta inaweza kusoma mchanganyiko na kutambua wakati unaofaa. Udhaifu wa kutochagua ukageuzwa kuwa manufaa.

Kwa njia hiyo hiyo watafiti wa nchi mbalimbali wanatengeneza vihisi vya ethilini, gesi inayoivisha ndizi na maembe, na vya gesi zinazotolewa na samaki anapoanza kuharibika. Mkulima wa chai wa Mufindi au Kericho, mpeleka maembe nje na mvuvi wa Ziwa Victoria wote wanahusika na kazi hizo. Lakini nyingi bado ziko maabara au kwenye kampuni kubwa. Atakayepitishiwa kijijini kifaa cha kupima uivaji wa matunda kwa bei ya kutupa, aombe kijaribiwe mbele yake kwa matunda yake mwenyewe kabla ya kufungua pochi.

Somo la Japani

Hoja kubwa inabaki ileile. Kengele moja haileti usalama. Japani yenyewe, nchi iliyokivumbua kihisi hiki, ililijua hilo kwa gharama kubwa.

Ingawa kengele zilikuwapo tangu miaka ya 1960, mwaka 1979 nchi hiyo iliandikisha ajali 793 za gesi ya mitungi. Novemba 1983 mlipuko wa gesi katika mgahawa wa eneo la mapumziko la Tsumagoi uliua watu 14. Kuanzia mwaka 1986 Wajapani wakafanya kampeni ya kufunga vifaa vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni mita inayokata gesi yenyewe mtiririko usipokuwa wa kawaida, cha pili ni koki inayojifunga mpira unapochomoka, na cha tatu ni kengele. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ajali zilikuwa zimeshuka chini ya 100 kwa mwaka.

Hilo ndilo la kuigwa. Kengele ni kifaa cha tatu katika mstari, na mbele yake kuna kukata gesi na kuzuia mpira usichomoke.

Kwa kibanda cha mama lishe, mstari huo unaanza na vitu vya bei ndogo. Kwanza, valvu ya mtungi ifungwe kila jioni, kila siku, bila kusahau. Kufunga jiko tu hakutoshi. Pili, mpira na regyuleta viwe vya ubora unaotambulika, na mpira ubadilishwe kabla haujaanza kupasuka. Tatu, maungio yajaribiwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Povu likitoa mapovu mapya, kuna mvujo. Kipimo hicho cha sabuni hakitegemei umeme. Nne, kibanda kiwe na tundu la hewa chini, usawa wa sakafu, ili gesi nzito ipate pa kutokea. Baada ya hapo ndipo kengele inapokuwa na maana, kama mlinzi wa mwisho.

Wajibu wa kila mmoja

Mzigo huu hauwezi kuachiwa mama lishe peke yake. Hana maabara ya kujua kama kisanduku alichouziwa Kariakoo kinanusa au kinalia tu.

Ulaya wana kiwango, EN 50194, kinachotaka kengele ya gesi ya nyumbani ilie kabla gesi haijafika asilimia 20 ya kiasi kinachoweza kuwaka. Kengele za kaboni monoksaidi nazo zina kiwango chao, EN 50291. Namba hizo huandikwa kwenye kifaa, lakini kuandika ni rahisi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) litafanya jambo la maana likichukua sampuli za kengele zilizoko madukani, likazijaribu kwa gesi halisi, na kutangaza magazetini zipi zimefaulu na zipi zimeshindwa. Wananchi wanahitaji majina ya bidhaa hizo ili wajue cha kununua.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo ndiyo inayosimamia biashara ya gesi ya mitungi, nayo inaweza kuwabana wasambazaji. Kampuni inayomuuzia mteja mtungi wa kwanza imlazimu kumfungia, kumwonyesha povu la sabuni, na kumwachia karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili. Kampeni za kugawa mitungi ya bure au ya ruzuku zisiishie kwenye kupiga picha za makabidhiano. Mtungi ukigawiwa bila somo la nusu saa, kazi iliyofanyika ni nusu tu.

VETA inao mafundi wa umeme wanaohitimu kila mwaka. Somo fupi la kufunga na kupima kengele za gesi lingewapa kazi mpya vijana hao, na kuwapa wafanyabiashara mtu wa kumwita. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo tayari vinakopesha mitungi na majiko, viweke mpira mpya, regyuleta na kengele ndani ya mkopo huohuo. Gharama ikigawanywa kwa miezi, mkopaji haisikii.

Wauzaji wa vifaa nao wana deni. Mwenye duka anayemwambia mteja kwamba kisanduku kimoja kinazuia gesi zote, ya mtungi, ya mkaa na ya vidonge vya ghalani, anauza uongo. Akisema kifaa hiki ni cha gesi ya mtungi tu, kikae chini, kina tarehe ya kubadilishwa na kisizimwe usiku, atauza kidogo leo, lakini mteja atarudi akiwa mzima.

Wazee walivaa hirizi wakiamini mvaaji hahitaji kufanya kingine. Kengele ya gesi ikinunuliwa kwa imani hiyo, itakuwa hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu asiye na kengele angalau hunusa, hukagua na kufunga valvu. Anayeidhania kuwa kinga kamili huacha yote hayo.

Tahadhari kabla ya hatari. Kisanduku kile kinunuliwe, kiwekwe panapostahili na kijaribiwe. Lakini jioni, kabla ya kufunga mlango wa kibanda, mkono wa mwenye biashara uende kwanza kwenye valvu ya mtungi.